Saadani kwa njia ya pwani: Hiace ya kulala au mkonga wenye hema juu?

Kila Juni ikikaribia, ndugu na majirani huniuliza swali lile lile: tunataka kwenda Saadani na watoto, tulale humo humo garini, tuchukue gari gani? Nimekwenda mara mbili, kwa magari mawili. Mara ya kwanza tulipanda Hiace ya shemeji yangu, ambayo aling'oa viti vya nyuma akaweka kitanda cha mbao chenye makabati chini yake, sinki dogo na friji ya gari. Mara ya pili tulikodi Land Cruiser, zile ndefu tunazoziita mkonga, yenye hema la kukunjua juu ya paa. Mzunguko ulikuwa mmoja: Dar es Salaam, Bagamoyo, Saadani, Pangani, Tanga, kisha nyumbani kwa Segera na Chalinze. Lakini tulichokiona, tulivyolala na tulivyochoka vilitofautiana sana.

Nautaja msimamo wangu mapema ili usome ukiujua. Hiace ni gari la pwani. Mkonga ni gari la hifadhi. Hesabu siku mtakazolala nje ya geti na siku mtakazolala ndani, angalia na mwezi wa safari, na hapo nusu ya uamuzi imeshapatikana.

Barabara

Saadani ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005. Kabla ya hapo ilikuwa pori la akiba tangu miaka ya 1960. Ina zaidi ya kilomita za mraba 1,000 kati ya Bagamoyo na Pangani, na pori lake linashuka moja kwa moja hadi kwenye mchanga wa Bahari ya Hindi. Kwenye ramani inaonekana kama jirani wa Bagamoyo, hatua mbili tatu tu. Kwa gari ni habari nyingine, maana Mto Wami umepita katikati.

Njia tuliyotumia mara zote mbili ni hii. Dar hadi Bagamoyo ni kama kilomita 70 za lami. Bagamoyo hadi Msata ni lami tena, kilomita 64. Pale Msata unaingia barabara kuu iendayo Segera, unavuka Wami, unafika Mandera. Hapo unakata kulia na kuiaga lami: zimebaki kama kilomita 60 za udongo na changarawe kupitia Miono hadi upande wa bahari. Ipo pia njia ya kukata moja kwa moja kutoka Bagamoyo kupitia Makurunge, ambayo ni sehemu ya barabara ya pwani ya kwenda Pangani na Tanga. Ujenzi wa barabara hiyo umekuwa ukienda kipande kwa kipande, kwa hiyo piga simu ofisi ya hifadhi siku chache kabla, uulize ipi inapitika wiki hiyo. Usitegemee simulizi ya mtu aliyepita mwaka jana, hata yangu.

Hadi Mandera, Hiace haina mpinzani. Imetulia barabarani, watoto wamekaa na vitabu vyao, na anayesinzia ananyoosha mgongo mkisimama kununua mihogo ya kuchoma. Mkonga una springi ngumu za kubebea mizigo; kila tuta unalisikia kiunoni. Lile hema juu ya paa nalo linakamata upepo, ukizidi mwendo wa 80 gari linaanza kuyumba na mafuta yanakwenda kama maji. Kwenye vijiji mwisho ni 50 kwa wote, na trafiki wa barabara ile hawalali.

Baada ya Mandera mambo yanageuka. Kwenye vumbi lenye mikunjo, Hiace ilitembea kwa mwendo wa baiskeli. Makabati yalifunguka, mtungi wa gesi ukaanza kugonga ubavu wa gari, tukasimama mara nne kufunga vitu upya kwa mipira. Mkonga uliipita sehemu ile ile kama vile haipo.

Udongo mweusi ndio utakaokuamulia

Hapa naomba msomaji atulie, kwa sababu ndipo watu wanapoharibikiwa safari. Sehemu kubwa ya Saadani ina udongo mweusi wa mfinyanzi. Wakati wa kiangazi umekauka, umepasuka nyufa, unapita juu yake bila hata kuujua. Ukipata maji unavimba na kunata. Unajaza kashata za tairi hadi tairi linakuwa laini kama chupa, halafu gari linaelea tu, usukani unazungusha lakini gari linakwenda linakotaka lenyewe. Haihitaji masika. Manyunyu ya usiku mmoja yanatosha kwenye bonde lisilo na mteremko wa kutoa maji.

Tulikuwa na Hiace mwishoni mwa Juni, mvua ikaja kama saa nane usiku, ikanyesha kwa nusu saa hivi. Asubuhi jua likawaka, njia ikaonekana nzuri. Tukashika njia ya kuelekea Wami kwenda kuona viboko. Kiraka kimoja cheusi, urefu wake hauzidi ukumbi wa shule, kikatumeza hadi ekseli. Hiace yetu inasukumwa na magurudumu ya nyuma tu, na nyuma ndiko tulikokuwa tumepakia kitanda, jiko na madumu matatu ya maji ya lita 20. Kila nilipokanyaga mafuta ilizama zaidi. Tukakaa pale kwa muda wa karibu saa tatu, madirisha yamefungwa kwa sababu ya mbung'o, watoto wakilia kwa joto, na hatukuruhusiwa kushuka na kutembea ovyo porini. Tuliokolewa na gari la doria lililopita. Askari wale walituvuta kwa upole na wakatukataza kuendelea, nasi tukatii.

Kwa mkonga, mwaka uliofuata, tulipita hapo hapo kwenye tope. Gia nzito, mwendo wa taratibu, mguu usioruka ruka kwenye mafuta, tukatoka. Lakini nisikudanganye kwamba magurudumu manne yakivuta basi umemaliza. Mkonga wenye tairi za lami unateleza kwenye udongo huu kama gari lolote. Ukikodi, usikague kitanda kwanza. Kagua tairi zina meno ya kutosha, mwambie mwenye gari aingize gia nzito mbele yako uone inaingia, hesabu spea tairi (mbili ni bora), halafu uliza koleo, jeki ndefu, kamba ya kuvutia na mabati ya kunasulia. Gari letu la kukodi lilikuja na jeki isiyopanda. Tuliligundua hilo tukiwa bado uani kwa aliyetukodisha, na nashukuru tuligundua pale.

Kwa hiyo miezi. Machi hadi Mei, masika, mimi siendi kwa gari lolote, na njia nyingi za ndani huwa hazipitiki. Vuli ya kuelekea Desemba ni ya mkonga peke yake. Julai hadi Septemba Hiace inaweza kufika kijijini Saadani na kwenye eneo la kambi la ufukweni ikiwa dereva ana subira. Januari na Februari pia pakavu, ila joto lake utalisoma hapa chini.

Usiku

Watu hudhani Hiace ndiyo ya kulala raha kwa sababu ina godoro na kuta. Inategemea unalala wapi.

Bagamoyo, Pangani na Tanga, Hiace ni raha tupu. Unaomba kuegesha kwenye uwanja wa hoteli ya ufukweni, unalipa kidogo kwa ajili ya choo na bafu, unavuta pazia, umelala. Hakuna anayekuona. Hema juu ya paa katikati ya mji ni kama kulala barazani: kila anayepita anajua upo, taa za ulinzi zinakumulika, na muziki wa jirani unaingia wote. Tulipolala na mkonga pale Bagamoyo, mume wangu aliamka mara tano kuchungulia. Na kwa magari yote mawili, tafadhali msilale kwenye ufukwe usio na mlinzi, hata uwe mzuri namna gani.

Ndani ya hifadhi mambo yanageuka tena. Gari la bati lililoanikwa juani mchana kutwa linabaki tanuri hadi usiku wa manane. Unataka kufungua madirisha, lakini mbu wa pwani wanasubiri. Shemeji alishona vyandarua vyenye sumaku vya kubandika madirishani, vikasaidia, ila upepo haukupita vya kutosha na Januari nisingethubutu. Hema la juu lina wavu pande zote. Upepo wa bahari unaingia huku unatokea kule, umelala mita mbili juu ya ardhi, unasikia mawimbi upande mmoja na fisi upande wa pili. Usiku ule sitausahau. Julai tu, kusi ikivuma kwa nguvu, turubai hupigapiga na asiye na usingizi mzito atakesha. Tuligeuza gari likatazama upepo kwa pua, pakatulia.

Kuna suala la ngazi, ambalo wanaouza mahema haya hawalisemi. Mtoto wa miaka minne akitaka haja ndogo saa tisa usiku, mtu mzima atashuka naye gizani, tochi mdomoni, ndani ya hifadhi yenye simba na tembo. Tulitumia ndoo yenye mfuniko iliyowekwa ndani ya hema, na nakushauri ufanye hivyo bila aibu. Kwa mzee mwenye magoti mabovu hema la juu halifai kabisa. Mama yangu ana miaka zaidi ya sabini. Hata tungembeba, kushuka asingeweza. Ukisafiri na bibi au babu, Hiace imeshashinda na huna haja ya kusoma zaidi.

Alfajiri

Sikulifikiria hili kabla ya safari ya pili. Magari hayaruhusiwi kuzurura hifadhini usiku, kwa hiyo saa yenye thamani kubwa ni ile ya kwanza baada ya kupambazuka, saa 12 hadi saa moja na nusu, wanyama wakiwa bado wazi kabla ya joto. Ukiwa na Hiace unaamka, unajifunga kanga, unawasha gari. Ukiwa na hema la juu unaamsha watoto, unatoa magodoro na mashuka, unakunja, unafunga mikanda, unavuta kifuniko. Sisi ilituchukua nusu saa siku ya kwanza na robo saa siku ya tatu. Siku ya kwanza tulisikia simba akinguruma karibu na tulipofika alikuwa ameshaingia kichakani.

Hata hivyo, mkonga ukishakunjwa unakwenda. Tuliona twiga wakitazama upande wa bahari, kuro na tohe kwenye nyasi fupi, kongoni, ngiri, kundi la nyati. Tulifika Wami tukawaona viboko na mamba tuliowakosa kwa Hiace. Upande wa kusini upo msitu wa Zaraninge wenye mbega, nao unahitaji gari la juu. Jua pia kwamba hema likiwa juu ya paa huwezi kufungua paa na kusimama kutazama kama magari ya watalii yanavyofanya. Unatazama dirishani tu, na Hiace kwa kweli ina madirisha makubwa zaidi.

Hiace ilitupa kitu kingine. Kwa kuwa hatukuweza kwenda porini, tulitumia muda kijijini Saadani, mji wa zamani wa misafara alikotawala Bwana Heri, aliyepigana na Wajerumani mwaka 1889 hadi 1890 kabla ya kusalimu amri. Wavuvi walikuwa wanarudi na kamba wabichi. Watoto wakaona mashamba ya chumvi, na heroe wamesimama kwenye maji yake ya kina kifupi. Tukiwa na mkonga tulipita kijijini dakika kumi tu, tukikimbilia wanyama. Najuta kidogo.

Chakula na maji

Hiace: unapika umesimama, mvua inanyesha, chai inachemka. Wale kamba wa Saadani niliwakaanga na kitunguu saumu na ndimu ndani ya gari, mlango wa pembeni umefunguliwa tukitazama bahari. Mkonga: jiko liko nje, juu ya mlango wa nyuma, na upepo wa kusi unauzima moto kila dakika hadi utafute ubao wa kuukinga. Nyani ni wezi wa mchana. Ukipikia nje usimwache mtu mdogo alinde mkate. Kwa magari yote mawili, usiku kila chakula kiingie ndani ya gari, hasa matunda, kwa sababu tembo ananusa embe toka mbali. Na usiingie na mifuko ya plastiki, imepigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019.

Bebeni maji ya kunywa ya siku zote kutoka Bagamoyo au Msata. Mafuta nayo jazeni barabara kuu kabla ya kukata Mandera.

Kivuko cha Pangani

Mkitoka Saadani kuelekea kaskazini mnapita Madete, ufukwe ambapo kasa wa kijani hutaga. Zimeni taa zinazomulika bahari usiku, na msiendeshe gari juu ya mchanga hata kama mkonga unaweza. Kisha Mkwaja, kisha Ushongo, kisha kijiji cha Bweni, na ng'ambo ya mto ndiyo Pangani. Sisi tulivuka kwa kivuko. Daraja kubwa limekuwa likijengwa pale, na likikamilika hadithi hii itabadilika. Maji yakiwa yamepwa, mteremko wa kuingilia kivukoni unakuwa mkali. Hiace ina mkia mrefu nyuma ya magurudumu, ikakwaruza bamba. Mkonga ulipita bila neno. Kama una Hiace, subiri maji yajae.

Kutoka Madete hadi Bweni ndiko kulikotutesa na Hiace kuliko hata Mandera, mchanga mlaini kwenye kona. Tulipunguza upepo wa tairi, tukapita. Ukiwa na wasiwasi, rudi Mandera uzunguke kwa Segera hadi Tanga, kisha ushuke Pangani, kama kilomita 50. Utakosa pwani ya katikati lakini utafika. Ng'ambo ile inafaa kulala siku mbili: boma la zamani, mto, na kumbukumbu ya Abushiri, kiongozi wa vita vya pwani dhidi ya Wajerumani, aliyenyongwa hapa Desemba 1889.

Fedha

Kukodi mkonga wenye hema ni ghali kwa siku kuliko Hiace ya kawaida, tena kwa mbali, na unakunywa zaidi: wetu ulikwenda kilomita saba kwa lita, Hiace ya dizeli kumi na kidogo. Hiace ya kulala si rahisi kuipata ya kukodi. Wengi huazima au hutengeneza yao kwa fundi seremala. Hifadhini, kiingilio huhesabiwa kwa mtu kwa saa 24, kambi kwa mtu kwa usiku, na ada ya gari hutegemea uzito na nchi lilikosajiliwa, kwa hiyo soma uzito kwenye kadi ya gari kabla ya kupiga hesabu. Malipo ni kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya serikali (control number) au kadi, si noti mkononi, na mtandao wa simu unasuasua. Lipeni mkiwa bado mjini. Ingieni mchana mapema, saa 24 zenu ziwape jioni moja na alfajiri moja kamili.

Ndugu wa Mombasa mnaovuka Horohoro: gari lenye namba za Kenya hulipa ada tofauti iliyo kubwa zaidi, na mtahitaji kibali cha muda cha gari pamoja na ile bima ya kadi ya njano ya magari yanayovuka mpaka. Kwenu inaweza kuwa nafuu kuacha gari Tanga na kukodi la huku.

Na ukirudi nyumbani, kwa gari lolote, lioshe chini kwa maji baridi mengi siku hiyo hiyo. Chumvi ya Saadani inakula bati.

Nani achukue lipi

Familia yenye watoto wakubwa, inayotaka kulala hifadhini siku mbili au zaidi, au inayosafiri mwezi wowote wenye dalili ya mvua: mkonga, na msibanie pesa ya tairi nzuri. Wenye mzee, wenye mtoto mchanga, wanaotaka Bagamoyo na magofu ya Kaole, Pangani na Tanga kwa utulivu na Saadani iwe usiku mmoja wa kusikia bahari: Hiace, kati ya Julai na Septemba. Kama huna lolote kati ya hayo, gari dogo la nyumbani hadi Bagamoyo, halafu safari ya siku moja na gari la kukodi lenye dereva, si jambo baya hata kidogo.

Ipo pia njia ya kuchanganya, na ndiyo tutakayoifuata Julai hii. Mama anakuja, kwa hiyo tunachukua Hiace. Tutaiacha kambini ufukweni na haitasogea. Kambi za wageni zilizo pembeni mwa hifadhi hutoa safari za wanyama kwa magari yao wenyewe, na za boti Mto Wami, kwa hiyo nimeshapiga simu kuulizia nafasi sita za asubuhi. Mama anataka kuwaona viboko, na safari hii atawaona akiwa amekaa kwenye kiti.